Crohn na kolaitisi Bongo: wagonjwa hawapo, au hatujawapima?

Mwaka 2025 jarida la Nature lilitoa utafiti mkubwa sana kuhusu IBD, yaani yale magonjwa mawili ya utumbo kuvimba na kuchubuka miaka nenda miaka rudi, ugonjwa wa Crohn na kolaitisi ya vidonda. Watafiti walichambua tafiti zaidi ya 500 kutoka maeneo 82 ya dunia, kuanzia mwaka 1920 mpaka 2024, wakasema ugonjwa huu ukiingia kwenye jamii unapita hatua nne. Kwanza unachipuka, wagonjwa wanaonekana mmoja mmoja. Halafu wagonjwa wapya wanaongezeka kwa kasi. Baadaye kasi ya wapya inapoa lakini jumla ya wanaoishi nao inazidi kupanda, maana unawashika watu wakiwa vijana na hauponi, kwa hiyo kila anayeugua leo anabaki kwenye hesabu kwa miongo mingi. Hatua ya nne bado ni makadirio, kwamba ipo siku idadi itatulia kwa sababu wagonjwa wa zamani watakuwa wazee na wataanza kufariki. Nchi nyingi zinazoendelea, za Afrika zikiwemo, ziko hatua ya kwanza.

Tangu hapo kila mada hii ikiguswa hapa Dar nasikia majibu ya aina mbili. Kuna wanaosema si unaona, hayo ni magonjwa ya wazungu, sisi matumbo yetu yamekomaa, tupambane na malaria yetu. Na kuna wanaosema yameanza kuingia kwa sababu ya chipsi mayai na soda, watu warudi kwenye dona na mchicha mambo yaishe. Mimi naona wote wameuelewa vibaya. Kuwekwa hatua ya kwanza ni taarifa ya wagonjwa walioonekana na kuandikwa, na kuuona ugonjwa huu kunahitaji kamera iingie kwenye utumbo, kinyama kikatwe, na mtaalamu wa patholojia akisome kwenye hadubini. Nchi yenye uhaba wa vitu hivyo itabaki hatua ya kwanza kwenye makaratasi hata ugonjwa uwe umefika wapi. Sisemi tuna wagonjwa wengi kama Canada, naamini hatuna. Ninachosema ni kwamba udogo wa namba zetu umetokana na vitu viwili vilivyochanganyika, uchache wa kweli na kutopima, na ukizitumia namba hizo kama sababu ya kuendelea kutopima unakuwa umewaacha watu, wengi wao vijana, wanavuja damu huku wanatibiwa amiba.

Kwa wasioufahamu ugonjwa wenyewe, kolaitisi ya vidonda inakaa kwenye utumbo mpana, inaanzia kule mwisho karibu na njia ya haja kubwa inapanda juu bila kuruka sehemu, na inachubua utando wa ndani. Mtu anaendesha damu na kamasi, anaenda chooni mara kumi kwa siku, usiku haulali, na ile haja ikimshika haisubiri, sasa mfikirie huyo mtu yuko kwenye daladala la Mbagala saa moja asubuhi foleni imesimama. Crohn inaweza kushika popote kuanzia mdomoni mpaka njia ya haja kubwa, inaruka ruka, na inazama unene wote wa ukuta wa utumbo, ndiyo maana inaleta utumbo kusinyaa na kuziba, au inatoboa vijitundu vinavyotokeza usaha pembeni ya njia ya haja. Hakuna kidudu kimoja kilichokamatwa kwamba huyu ndiye, ukimuua umepona. Ni kinga ya mwili yenyewe inayoshambulia utumbo, kwa mchanganyiko wa vinasaba, bakteria wanaoishi tumboni na mazingira. Wengi unawaanza kati ya miaka 15 na 35, umri wa shule, chuo, kutafuta kazi na kuanza familia.

Hoja ya uchache ina mizizi na lazima itendewe haki. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda miaka mingi, alirudi Uingereza akaanza kusema miaka ya 70 kwamba magonjwa mengi ya utumbo yaliyojaa kwenye hospitali za kwao, kuanzia kidole tumbo mpaka kansa ya utumbo mpana, hakuyaona vijijini Afrika, na akahusisha na nyuzinyuzi za chakula. Alikuwa mtu wa kufanya mahesabu, alipima hata uzito wa choo cha watu na muda chakula kinaotumia kupita tumboni. Ukirudi nyuma zaidi, mwaka 1929 daktari Donnison aliyekuwa upande wa Kavirondo Kusini, Kenya, aliandika kwamba presha ya kupanda hakuikuta kwa wenyeji, na yeye aliwapima kweli kwa mashine. Kwa hiyo uchache wa kweli upo, si kila mara ni uzembe wa kupima. Lakini hebu angalia kilichofuata. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 hapa Tanzania ulikuta robo hivi ya watu wazima wana presha. Haikutangaza kwamba inakuja, tulipokuja kupima kwa upana ilishakaa. Kwahiyo hata kama Burkitt na Donnison walikuwa sahihi kwa wakati wao, kumtumia Burkitt leo kujibu kuhusu kijana aliyezaliwa Tandika mwaka 2003 ni kuchukua picha ya zamani na kuiita ya leo.

Na kuna mfano wa Cape Town ambao naurudia sana kwa sababu unaonyesha jinsi viwili hivi vinavyochanganyika. Kati ya mwaka 1980 na 1984 madaktari wa pale walihesabu wagonjwa wapya wa Crohn na kolaitisi kwa makundi ya rangi, wakakuta wazungu ndio wengi zaidi, wanafuata machotara, na weusi wachache kabisa. Ukisoma haraka unasema haya, rangi inakinga. Ila hiyo ilikuwa Afrika Kusini ya ubaguzi, hospitali zimegawanywa, mtu mweusi anatoka mbali, na hata akifika na damu kwenye choo kitu cha kwanza kinachofikiriwa ni kuhara damu au TB. Huwezi kutenganisha ngozi na mlango wa hospitali. Miaka hiyo hiyo madaktari wa hospitali ya Baragwanath, Soweto, walikuwa wameanza kuandika kuhusu kolaitisi kwa weusi wa mjini. Na Wamarekani weusi, ambao mababu zao walitoka huku, wanaugua Crohn na kolaitisi, na inapowashika Crohn mara nyingi ni ile ya kusumbua pembeni ya njia ya haja. Mwaka 2001 kiligunduliwa kinasaba cha NOD2 ambacho kwa watu wenye asili ya Ulaya kinahusiana sana na Crohn, na ni kweli yale mabadiliko yake ni adimu kwa Waafrika, ila uchunguzi wa baadaye kwa Wamarekani weusi umeonyesha sehemu nyingine za vinasaba zenye asili ya Afrika zinazohusika. Kwa hiyo hii hoja ya kwamba damu yetu haishiki ugonjwa huu ndiyo dhaifu kuliko zote, na nashangaa bado inatamkwa hata na watu wa afya.

Sasa tuje kwenye njia anayopita mgonjwa hapa mjini, maana hapa ndipo namba zinapotea. Mtu anaanza kuendesha, tumbo linanyonga. Anaenda duka la dawa, anapewa metronidazo, ni bei ya soda mbili. Inapoa kidogo, maana kolaitisi ina tabia ya kupanda na kushuka yenyewe, anaamini ilikuwa amiba. Baada ya miezi inarudi, anaenda zahanati, anapimwa choo na damu, Widal inasoma, anaambiwa una taifodi, na UTI pia ipo. Widal ni kipimo kinachokosea sana kwenye maeneo ambako watu wengi wameshakutana na vijidudu vya taifodi, hilo linajulikana miaka mingi, lakini bado kinatoa majibu ya watu kila siku. Anachomwa sindano. Inarudi. Damu ikiwa nyekundu kabisa anaambiwa bawasiri, anauziwa dawa za kupaka au anatumwa kwa mtu mwenye dawa za asili. Tumbo likiuma juu juu anaambiwa vidonda vya tumbo, anapewa zile dawa tatu za bakteria wa tumboni. Akikonda sana anapimwa HIV, ikisoma hana, hapo ndugu wanaanza kukaa vikao kwamba huyu mtoto kachezewa. Kijana mmoja wa ukoo wetu, mwanafunzi wa chuo, alipita karibu vituo vyote hivi kwa zaidi ya mwaka mmoja, damu ikashuka mpaka akaongezewa, na aliyemuokoa ni daktari kijana wa zamu aliyesema tu kwamba mtu hawezi kuwa na amiba mwaka mzima, aende akaingizwe kamera. Kwenye takwimu za MTUHA, yaani mfumo wa serikali wa kukusanya taarifa za vituo vya afya, huyu kijana kabla ya siku hiyo alishaingia mara nyingi, lakini kama mtu wa kuhara, wa taifodi, wa amiba. Kwenye Crohn na kolaitisi alikuwa sifuri.

Nisiwatwishe lawama wahudumu, ugonjwa huu kwa mazingira yetu ni mgumu kweli. Ulaya daktari akiona utumbo umechubuka pale utumbo mwembamba unapokutana na mpana anafikiria Crohn kwanza. Hapa lazima afikirie TB ya utumbo, maana inapenda sehemu ile ile, inaleta kukonda kule kule, homa zile zile, na hata kinyama chini ya hadubini vinafanana, na Tanzania ni moja ya nchi 30 ambazo WHO imeziorodhesha kwa mzigo mkubwa wa TB. Ukikosea upande mmoja mgonjwa wa Crohn anameza dawa za TB miezi sita utumbo unaendelea kusinyaa. Ukikosea upande mwingine ni balaa zaidi, unampa mgonjwa wa TB dawa za kushusha kinga na TB inasambaa. Hivyo hivyo kwa amiba, ukimpa prednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe inayoshusha kinga, mtu mwenye amiba halisi kwenye utumbo mpana unaweza kutoboa utumbo. Ongeza kichocho cha tumbo kwa watu waliokulia kanda ya ziwa, ongeza maambukizi ya utumbo kwa wenye HIV. Kwa hiyo tahadhari ya kutibu vijidudu kwanza ina akili, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kutibu vijidudu kwanza, pili, tatu, nne na tano bila mtu kusema basi. India walipitia haya haya, wana TB nyingi na sasa wana wagonjwa wengi wa IBD, na utaratibu wao ni kwamba ikishindikana kutofautisha unaanza dawa za TB halafu baada ya miezi miwili mitatu unarudi na kamera kuangalia kama vidonda vimefunga, havijafunga unabadilisha mawazo. Kinachomlinda mgonjwa pale ni ile tarehe ya kurudi.

Turudi kwa watu wa chipsi, kwa sababu wao wana hoja nzito zaidi ya wale wa damu. Mazingira yanachangia, hilo halina mjadala mkubwa. Leicester, Uingereza, familia zilizotoka India na Pakistan, nyingine kupitia huku kwetu Afrika Mashariki, zilikutwa na kolaitisi kwa wingi kuliko hata Waingereza wenyewe, na vinasaba havibadiliki kwa kupanda ndege. Wahadzabe wetu wa Ziwa Eyasi wamefanyiwa tafiti maarufu duniani, mwaka 2014 walilinganishwa na Waitaliano wa mjini wakakutwa na bakteria wa tumboni wa aina nyingi zaidi, na mwaka 2017 ikaonekana baadhi ya bakteria wao wanapotea msimu wa mvua na kurudi kiangazi kufuata chakula. Mwaka 2015 watafiti waliwabadilishia chakula Wamarekani weusi na watu wa vijijini Afrika Kusini kwa wiki mbili tu, huyu akala cha yule, na dalili za utumbo kuvimba zikabadilika pande zote mbili. Sembe tunayokula Dar imeshaondolewa pumba na kiini, soda iko kila kibanda, na antibayotiki tunameza kama karanga, kitu ambacho tafiti kubwa za Ulaya zimekihusisha na kuongezeka kwa IBD.

Ila kutoka hapo mpaka kumwambia mgonjwa umejitakia kwa chipsi ni safari ndefu na hawajaitembea. Kwanza, hizo tafiti zinaonyesha mwelekeo wa jamii, hazimwelezi mtu mmoja, na vijana wanaokula chipsi Dar ni mamia ya maelfu, wanaougua kolaitisi ni wachache mno. Pili, kuna vitu vilionekana vina mantiki vikakataa kwenye majaribio. Ilidhaniwa kwamba kukosa minyoo ndiko kunakoleta magonjwa haya kwa wazungu, mwaka 2005 wakapewa wagonjwa mayai ya minyoo ya nguruwe na matokeo yakatia moyo, halafu majaribio makubwa zaidi ya Crohn yalipofanyika mayai hayo hayakushinda dawa bandia isiyo na kitu ndani. Uvutaji sigara unazidisha Crohn lakini kolaitisi mara nyingi inajitokeza kwa wasiovuta na walioacha. Ni ugonjwa usiopenda maelezo ya mstari mmoja. Tatu, na hili ndilo linaniuma, ushauri wa kurudi kwenye vyakula vya asili kwa mtu ambaye yuko kwenye moto wa kolaitisi au ana Crohn iliyosinyaza utumbo unaweza kumdhuru, maana mboga zenye nyuzi nyingi, mahindi ya kuchoma, maganda ya maharage, vinaweza kuziba pale palipobana. Kinachofaa kuzuia ugonjwa kwa mtu mwenye afya si lazima kifae kumtibu aliyekwishaumwa. Nimesikia mgonjwa akisemwa na shangazi zake kwamba hataki kula mboga ndiyo maana haponi, na yule mtoto alikuwa anafuata alichoambiwa na daktari wake.

Hoja ninayoiheshimu kuliko zote ni ya pesa. Mtu wa wizara anaweza kuniambia, ndugu, tuna malaria, TB, akina mama wanaokufa kwa uzazi, watoto wenye utapiamlo, unataka tununue kamera kwa ajili ya ugonjwa wa watu wachache. Ni swali halali. Tufanye hesabu ya kukadiria tu: sensa ya 2022 ilituhesabu watu milioni 61.7. Amerika Kaskazini na nchi nyingi za Ulaya wenye IBD wamevuka asilimia 0.3 ya watu wote. Tukichukulia sisi tuna moja ya kumi ya hapo, tunaongelea watu elfu kumi na nane. Moja ya mia, bado ni karibu elfu mbili. Sijui kama ni hii au ile na hakuna anayejua, lakini hata ile ndogo haitoshi kuwaita hawapo. Halafu ile kamera haitumiki kwa IBD peke yake, ndiyo hiyo hiyo inayokamata kansa ya utumbo mpana, na wagonjwa wa kansa hiyo wanafika hospitali ya kansa ya Ocean Road wakiwa wamechelewa sana. Mtaalamu wa patholojia anayesoma kinyama cha Crohn ndiye anayesoma cha titi na cha shingo ya kizazi. Na mgonjwa asiyepimwa hatibiwi bure, analipia vidonge, sindano, ultrasaundi, dawa za mitishamba, nauli, na miaka ya masomo inayopotea, ila kwa sababu hela inatoka mfukoni kwa familia haionekani kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Tena sehemu kubwa ya tiba ya mwanzo si ya matajiri. Sulfasalazine ni dawa ya zamani, ilitengenezwa Sweden na daktari Nanna Svartz karibu mwaka 1940, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO. Prednisolone inauzwa kila duka kubwa la dawa, azathioprine, nayo ya kushusha kinga, ipo. Kinachopanda bei ni zile sindano za kibayolojia za kushusha kinga kama infliximab na adalimumab, na adalimumab nayo WHO iliiingiza kwenye orodha mwaka 2019, nakala zake za bei nafuu zimeshatoka. Hizo kwetu zinahitaji akili ya ziada kwa sababu zinaweza kuamsha TB iliyolala, na watu wengi hapa tunatembea nayo mwilini bila kujua, kwa hiyo kuiga mwongozo wa Ulaya neno kwa neno itakuwa kosa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa bungeni mwaka 2023, na kitakachowekwa kwenye vifurushi ndicho kitakachoamua kama kijana wa kolaitisi anameza dawa yake kila siku au anameza mpaka hela inapoisha. Akiacha vidonda vinarudi, na kolaitisi iliyokaa miaka nane kumi bila kutulizwa inaongeza hatari ya kansa, ambayo ni gharama kubwa zaidi ya vidonge vyote alivyonyimwa.

Hatua ya mapema kabisa ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mtu mwenye damu kwenye choo zaidi ya wiki sita, ametibiwa vijidudu mara moja ipasavyo na haijakata, apelekwe kwenye kamera, asipewe kozi ya pili ya metronidazo. Kipimo cha kalprotektini cha choo, ambacho kinaonyesha kama utumbo umevimba kweli, kikiingia hospitali za rufaa za mkoa kama Amana, Temeke na Mwananyamala kitasaidia kuchuja nani apewe foleni ya Muhimbili na nani tumbo lake linasumbuliwa na vitu vingine. Na hospitali zote za Dar zenye kamera, za serikali na binafsi, ziandike wagonjwa wao kwenye rejista moja: umri, wilaya, ugonjwa, walichomezeshwa kabla, na muda uliopita tangu waone damu mara ya kwanza mpaka siku ya kamera. Mimi hiyo namba ya mwisho ndiyo ninayoitaka kuliko zote. Mjadala wa chakula na vinasaba utachukua miaka mingi na utaamuliwa zaidi kwenye maabara za nje, lakini huo muda ni wa kwetu wenyewe, unatokea kati ya duka la dawa na zahanati zetu, na unaweza kufupishwa kuanzia mwaka huu.